Kitabu Unachokipenda na Sababu Yake: Mwongozo wa Kupendekeza Kitabu Hadi Kisomwe

Binamu yangu aliniomba kitabu cha kusoma safarini. Nikampa *Nagona*, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1990. Nilimkabidhi kwa mikono miwili nikamwambia, "Soma hiki, utakuja kunishukuru." Kilirudi baada ya miezi minne. Ndani yake mlikuwa na risiti iliyokunjwa mara mbili, imebanwa kwenye ukurasa wa 11. "Binamu," akasema kwa adabu zote, "kitabu ni kizuri, ila hakikuwa changu."

Binamu mwenyewe ni mtu wa Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla. Anapenda maiti ipatikane mapema, washukiwa wawe tele, na mzee wa kiko aje kulifumbua fumbo kwa utulivu huku wengine wamepigwa bumbuwazi. Mimi nikampa kitabu chembamba kinachosomeka kama ndoto, ambacho hata wasomaji wazoefu hukirudia mara tatu ndipo waseme wameanza kukielewa. Kosa halikuwa la Kezilahabi wala la binamu. Nilitoa jina la kitabu bila sababu, tena bila kuuliza hata swali moja.

Tangu hapo nimerudishiwa vitabu vingi vyenye risiti katikati, na kila kimoja kimenifunza kitu. Kinachomfanya mtu afungue ukurasa wa kwanza si jina la kitabu wala la mwandishi. Ni sababu. Nayo sharti iwe yako, iwe ya kweli, na imguse yeye unayemwambia. Hapa nitaeleza ninavyoitafuta sababu hiyo, ninavyompima msomaji, na ninavyoyapanga maneno, iwe ni kwa mdomo, kwa ujumbe wa simu au mbele ya kikundi cha wasomaji.

Hatua ya 1: Tenganisha kitabu unachokipenda na kitabu unachokiheshimu

Mtu akiulizwa ghafla kitabu chake kipenzi, ulimi hukimbilia kitabu cha kumpa heshima. Hutaja kile kikubwa, kile kilichotahiniwa shuleni, kile ambacho kila aliyesoma anatakiwa kukitaja. Hakuna ubaya kukiheshimu kitabu. Ubaya ni kukipendekeza huku moyo haupo, maana msikilizaji huisikia sauti ilivyopoa.

Kuna kipindi cha redio cha BBC, *Desert Island Discs*, kilichoanza mwaka 1942. Mgeni hujidhania ametupwa kisiwani peke yake, akachagua muziki wa kwenda nao pamoja na kitabu kimoja. Biblia na maandishi yote ya Shakespeare anapewa bila kuomba. Nautumia ujanja huo huo. Chukulia kwamba vile vitabu ambavyo kila mtu angevitaja umeshapewa, viko rafuni. Sasa chagua kimoja cha kuongeza.

Ukikwama, jiulize haya. Ni kitabu gani uliwahi kumsimulia mtu bila kuombwa? Kipi umekisoma mara ya pili ilhali vipya vimejaa? Kipi ulimwazima mtu ukawa unamfuatilia kama mdeni? Kisha fanya jaribio dogo: usikifungue, chukua karatasi uandike mambo matatu unayoyakumbuka. Kama yote matatu yameandikwa nyuma ya jalada, basi unachokikumbuka ni jalada.

Mimi nilipolifanya jaribio hili kwa *Kusadikika* ya Shaaban Robert (1951) nilishangaa. Darasani tulifundishwa kwamba ni fumbo dhidi ya ukoloni, nasi tukaandika hivyo kwenye mtihani. Lakini karatasi yangu haikuwa na ukoloni. Ilikuwa na Karama, mshtakiwa aliyesimama mbele ya baraza lenye hamu ya kumwangamiza, naye akijitetea kwa kusimulia hadithi. Anaeleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, na jinsi kila aliyerudi na habari za manufaa alivyolipwa kifungo. Nilichokumbuka ni ile raha ya kumwona mtu akizungumza kuokoa shingo yake, na maadui zake wakishindwa kuacha kumsikiliza. Hapo ndipo nilipojua kwa nini nakipenda, miaka mingi baada ya mtihani.

Hatua ya 2: Chimba sababu

"Ni kizuri." "Kinafundisha." "Kina maudhui mazito." "Lugha yake tamu." Maneno haya manne yamechakaa kwa kushikwashikwa. Hayana uongo ndani yake, lakini hayamwambii mtu lolote, kwa sababu yanafaa kwa kitabu chochote kile. Kipimo changu ni rahisi: kama sentensi yako inaweza kubandikwa kwenye kitabu kingine bila kubadilisha neno, bado hujafika kwenye sababu.

Dawa yake ni kujiuliza "kwa nini" mara tatu mfululizo, kama mtoto msumbufu. Nilimfanyia hivyo jirani yangu aliyekuwa akiisifu *Siku Njema* ya Ken Walibora.

"Nimeipenda sana."

Kwa nini?

"Inasikitisha."

Vinavyosikitisha ni vingi. Kwa nini hiki?

"Kwa sababu yule kijana, Kongowea, anamtafuta baba yake."

Na hilo lilikufanya nini wewe?

Akanyamaza kidogo. "Nilikuwa nasoma haraka haraka, naruka mistari, naogopa asije akachelewa. Kama vile mimi ndiye niliyekuwa njiani."

Hiyo ndiyo sababu. Mtu akiniambia hivyo nakitafuta kitabu siku hiyo hiyo. Angalia tofauti: sentensi ya kwanza ilikuwa juu ya kitabu, ya mwisho ni juu ya kilichompata msomaji akiwa na kitabu mkononi. Kumbuka pia kwamba jibu la maana lilikuja baada ya kunyamaza. Jibu linalotoka papo hapo mara nyingi ni la kuazima.

Hatua ya 3: Tambua mlango ulioingilia

Nancy Pearl, mkutubi wa Seattle nchini Marekani aliyefanya kazi ya kuwapa watu vitabu kwa miaka mingi, ana njia ambayo imenifaa kuliko nadharia zote za fasihi nilizowahi kukaririshwa. Anasema kitabu kina milango minne: kisa, wahusika, mandhari na lugha. Kila kitabu kina milango yote, ila ukubwa wake hautoshani, na kila msomaji ana mlango anaopenda kuuingilia.

Mwenye mlango wa kisa atakwambia hakukiweka chini mpaka asubuhi. Wa wahusika atakwambia alipomaliza alihisi kama ameagana na ndugu. Wa mandhari husema alihisi yuko pale pale. Wa lugha hupigia mistari kwa kalamu ya risasi, na ukikaa naye karibu atakusomea kwa sauti utake usitake.

Chukua *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Nimewasikia watu watatu wakiipendekeza, na ungedhani ni vitabu vitatu. Mmoja aliifuata kwa ajili ya Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume mwenye umri wa kumzaa, akaondoka. Wa pili hakujishughulisha sana na ndoa ya Yasmin. Kwake kitabu ni Zanzibar ya wakati wa mkoloni, vichochoro na siasa za chini kwa chini. Wa tatu alishikwa na mbio tu: Denge na wenzake na harakati zao, na polisi wanaowanyemelea. Wote wamesema kweli. Lakini ukimwelekeza mpenzi wa mbio kwa maneno ya mpenzi wa mandhari, atakiacha kabla hajafika kwenye mbio.

Mimi huongeza mlango wa tano, ambao Bi Pearl hakuuhesabu: swali. Vipo vitabu unavyovipenda kwa sababu vinakuachia swali linalokukera wiki nzima. *Nagona* imo humo. Hata vitabu visivyo vya hadithi, vya historia, vya sayansi, vya maisha ya watu, vingi huingiliwa kwa mlango huu. Mtu asiyependa maswali yasiyo na jibu usimpeleke huko, ataona unamchezea.

Basi andika: kitabu changu, niliingia kwa mlango upi? Na mlango upi ni mwembamba kiasi kwamba mtu atakwaruza mabega? Utavihitaji vyote viwili.

Hatua ya 4: Mpime msomaji kabla hujafungua mdomo

Mwaka 1931 mkutubi wa Kihindi, S. R. Ranganathan, alichapisha kanuni tano za kazi ya ukutubi. Mbili kati yake nimeziandika ndani ya jalada la daftari langu: kila msomaji ana kitabu chake, na kila kitabu kina msomaji wake. Zinaonekana kama kitu kimoja kilichogeuzwa, lakini sivyo. Ya kwanza inakutaka uanze na mtu. Ya pili inakuonya usikidharau kitabu kwa kuwa wewe si msomaji wake.

Usimuulize mtu, "Unapenda vitabu gani?" Swali hilo linatisha. Anayesoma sana hubabaika, asiyesoma hudanganya. Muulize hivi:

Ni hadithi gani ya mwisho iliyokunyima usingizi? Si lazima iwe kitabu, hata filamu, hata tamthilia ya redio, hata mkasa wa mtu uliosimuliwa ukasahau muda. Mlango wa mtu haubadiliki sana anapotoka kwenye skrini kuja kwenye karatasi.

Kitabu gani ulikiacha njiani, na ulikiachia wapi? Hili ndilo swali langu kipenzi. Watu hutia chumvi wanapotaja walivyovipenda, ila walivyoviacha huvieleza kwa ukweli mtupu. "Nilikiacha walipoanza kueleza milima" anakwambia mandhari si mlango wake. "Nilikiacha kwa sababu kila mtu humo ni mbaya" anataka wa kumpenda. "Nilikiacha kwa sababu nililazimika kufungua kamusi kila mstari" hana shida na kisa, lugha ndiyo iliyomchosha.

Sasa hivi uko katika hali gani? Si lazima uulize kwa maneno, mwangalie tu. Aliyefiwa juzi, anayelea mtoto mchanga, aliye katikati ya mitihani, aliyestaafu na siku zimekuwa ndefu, hawa hawahitaji kitabu kimoja hata kama wote ni watu wa kisa. Mzazi wa mtoto mchanga anasoma kurasa nne nne. Mpe hadithi fupi au riwaya yenye sura fupi, hata kama roho yako inalilia kumpa buku la kurasa 600.

Na sikiliza vitenzi. Mtu anayesema "nilicheka", mwingine "nilijifunza", mwingine "nilisahau kushuka kituoni": hao watatu wanatafuta vitu vitatu.

Kwa anayesema "mimi si mtu wa vitabu", mara nyingi amekutana na vitabu visivyo vyake akiwa mdogo, akahukumu vyote. Huyo usimwanzie na kitabu cha kumkomaza. Mpe kisa kinachokimbia. *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu cha kwanza cha Bwana Msa kilichochapishwa mwaka 1960, kimewarudisha wengi kwenye kusoma. Hakiombi kusifiwa, kinataka tu ujue nani alifanya nini.

Hatua ya 5: Panga maneno yenyewe

Pendekezo likizidi sentensi tano au sita linageuka muhtasari, na aliyepewa muhtasari ameshashiba. Mimi hupanga hivi, ingawa mpangilio si amri: naanza na mtu na tatizo lake ndani ya kitabu, natoa kitu kimoja cha kushikika kutoka mwanzoni mwa kisa, nasema kilinifanya nini, natoa onyo, nanyamaza. Wasifu wa mwandishi, tuzo, mwaka wa kuchapishwa, hayo yanaweza kusubiri aulize.

Ngoja nikuonyeshe kwa *Rosa Mistika*. Hivi ndivyo nilivyokuwa nikiipendekeza zamani:

"Ni riwaya nzuri sana ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, inayozungumzia malezi, maadili na nafasi ya mwanamke katika jamii. Inafundisha sana. Lazima uisome."

Isome tena kwa sauti. Hakuna mtu ndani yake. Halafu lile "lazima" linamgeuza msomaji mwanafunzi. Sasa hii ya leo:

"Baba mlevi anaikamata barua aliyoandikiwa binti yake na mvulana, anamchapa. Kuanzia hapo binti anafungiwa kwa ukali, hata siku anapopata upenyo, hakuna aliyemfundisha kutembea akiwa huru. Nilikipenda kwa sababu kila nilipotaka kumlaumu mtu mmoja, ukurasa uliofuata ulininyang'anya lawama. Kina vipigo, na mambo ya mwili yamesemwa bila pazia, ndiyo maana kuna wakati kilipigwa marufuku mashuleni. Kama uko kwenye kipindi kigumu, kiache kwanza."

Ya pili ni ndefu kidogo, lakini mtu akiisikia anajua kama anaitaka au haitaki. Yote mawili ni ushindi. Anayesema "hapana, hiyo si yangu" amekuokolea miezi minne na risiti.

Sifa zipunguze. Neno "sana" likitokea mara mbili, futa moja. Usiseme kitabu kitabadilisha maisha yake. Hata kama chako kilibadilika, huo ni mzigo mkubwa kuutwika ukurasa wa kwanza wa mtu mwingine.

Na usimwage mchele. Kanuni yangu: nisitaje lolote lililopita theluthi ya kwanza ya kitabu. Wengi wanaijua hii, ila wanaivunja kwa mlango wa nyuma wanaposema, "Mwisho wake utakushangaza!" Umeshamharibia. Kuanzia hapo hasomi, anapekua. Kila mhusika akikohoa atadhani ndiye.

Hatua ya 6: Sema kasoro

Hapa ndipo wapendekezaji wengi wanapoogopa, wakidhani kasoro itamfukuza mtu. Uzoefu wangu ni kinyume. Ukisema "kurasa 40 za mwanzo zinakwenda kwa mwendo wa kinyonga, vumilia, baada ya hapo kinakimbia", mtu huvumilia, kwa kuwa amepewa mpaka wa uvumilivu. Usipomwambia, atafika ukurasa wa 25, atajiona mjinga, atakifunga kimya kimya, na ukimuuliza atasema "bado nakisoma" mwaka mzima.

Kasoro zinazostahili kutajwa ni hizi: mwendo wa pole, majina mengi mwanzoni, ukatili au msiba unaoweza kumtonesha mtu kidonda, na lugha. Kuhusu lugha niseme zaidi, kwa sababu sisi wasomaji wa Kiswahili tunajikwaa hapo mara nyingi. Sentensi za Shaaban Robert zimejengwa kwa utulivu wa enzi nyingine, hekima juu ya hekima, na anayetaka zikimbie ataona zinamchelewesha. Mwambie azisome kwa sauti sura ya kwanza, sikio litazoea. Waandishi wa Zanzibar wanatumia maneno ambayo msomaji wa bara huenda hajawahi kuyasikia. Ushauri wangu ni kuweka kamusi karibu lakini kutoifungua ila neno likijirudia mara tatu. Mengi yanajieleza yenyewe mbele ya safari.

Kikiwa cha kutafsiriwa, taja tafsiri gani na nani kaifanya. *Shujaa Okonkwo* ni *Things Fall Apart* ya Chinua Achebe kwa mkono wa Clement Ndulute, na ilitoka mwaka 1973. *Peponi* ni *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah, aliyeshinda Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Asili yake ilichapishwa mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis ameileta kwenye Kiswahili mwaka 2022. Mfasiri ndiye aliyeandika kila neno utakalolisoma, kumtaja ni haki yake. Kuna faida nyingine pia: mtu akiipenda tafsiri moja atajua jina la kulitafuta tena.

Cha ajabu, kasoro ya mmoja ni kivutio cha mwingine. Shangazi yangu alikataa riwaya fulani kwa malalamiko kwamba "watu humo wanazungumza tu, hakuna linalotokea". Mimi nikaitafuta wiki ile ile.

Ukiwa wewe ndiye unayetafuta

Nipitie upande wa pili haraka. Orodha za vitabu vipendwavyo ziko kila mahali, na nyingine ni kubwa mno. Mwaka 2003 BBC iliwauliza Waingereza kitabu wanachokipenda kuliko vyote, ikashinda *The Lord of the Rings*. Mwaka 2018 Wamarekani wakapiga kura ya namna hiyo kupitia televisheni ya PBS, wakachagua *To Kill a Mockingbird*. Kura zinakuonyesha kitabu kimependwa na wengi, hazikuonyeshi kimependwa kwa nini. Na kitabu kinachotajwa na wengi mara nyingi ni kile ambacho wengi walikutana nacho, hasa ujanani, kabla vitabu vingine havijawafikia.

Kwa hiyo ruka namba, soma sababu. Tafuta mtu mmoja au wawili ambao mlango wao unaufahamu. Si lazima ufanane nao. Nina mwenzangu kazini ambaye ladha zetu zinapishana kama usiku na mchana. Akiniambia kitabu kimemchosha kwa maelezo, nakiweka kwenye orodha. Amenisaidia kuliko mtu yeyote ninayekubaliana naye.

Na ukisoma maoni ya wasomaji wengi, anzia kwa walioridhika nusu nusu. Waliokipenda mno wamelewa, waliokichukia wana hasira. Yule wa katikati ndiye anayekumbuka kilichokuwamo.

Hatua ya 7: Kabidhi kitabu, kisha jiondoe

Toa kimoja. Ukimpa mtu orodha ya vitabu kumi umempa kazi, naye ataanza kesho, na kesho yenyewe haifiki. Ukilazimika kutoa viwili, viwe vya milango tofauti, achague.

Mpe ruhusa ya kukiacha, tena kwa maneno. Mwandishi wa Kifaransa Daniel Pennac alichapisha mwaka 1992 kitabu kinachoorodhesha haki kumi za msomaji, na miongoni mwake imo haki ya kuruka kurasa na haki ya kutomaliza. Nancy Pearl naye ana hesabu yake: kipe kitabu kurasa 50, kisipokushika kiache. Ukiwa umevuka miaka 50, toa umri wako kwenye 100, jibu ndilo idadi ya kurasa za kukipa kitabu. Mwenye miaka 60 anakipa 40, mwenye 80 anakipa 20. Umri ukisonga, muda wa kupoteza unapungua. Nilipomweleza shangazi hesabu hiyo alicheka, kisha akafunga kitabu alichokuwa amekishikilia tangu mwaka uliopita.

Usimfuatilie. "Umefika wapi?" ni swali la mwalimu. Ukiwa na hamu ya kujua, taja jambo lako: "Juzi nimemkumbuka yule baba wa Rosa." Akiwa amesoma atadaka. Kama hajasoma, hajaumbuka.

Na kama ni nakala yako, azima ile ambayo hata isiporudi utalala usingizi. Yenye maandishi ya marehemu baba pembeni ya kurasa baki nayo.

Hatua ya 8: Weka daftari

Hatua hii watu huipuuza, nami ndiyo iliyonifikisha hapa. Daftari langu ni la kawaida, na kila mstari una mambo manne: jina la mtu, kitabu nilichompa, sababu niliyomwambia, na alichosema baada ya kusoma au mahali alipoachia. Mstari wa kwanza kabisa ni wa binamu: *Nagona*, sababu hakuna, ukurasa wa 11.

Baada ya mistari 20 hivi utaanza kuona mambo. Mimi niliona kwamba nilikuwa nawapa watu waliochoka vitabu vya lugha, kwa sababu mimi nikichoka lugha ndiyo inayonipumzisha. Wao walivirudisha karibu vyote. Niliona pia kwamba vitabu nilivyovitaja kwa tukio moja dogo vilisomwa hadi mwisho zaidi ya vile nilivyovisifia kwa dakika kumi.

Mtu akisema hakukipenda, usikitetee. Muulize tu alipoachia na alikuwa anatarajia nini, kisha andika. Jibu hilo ndilo litakalokupa kitabu chake kinachofuata.

Binamu nilimrudia mwaka jana. Safari hii niliuliza kwanza, nikasikiliza, kisha nikamwambia: kuna vijana wanafanya siasa za siri chini ya pua ya mkoloni, polisi wanawanyemelea, na katikati yumo msichana aliyeondoka kwa mumewe na sasa hana pa kurudi. Nikamwonya kuhusu maneno ya Kizanzibari. Nikampa *Vuta N'kuvute* kwa ajili ya zile mbio.

Alinipigia simu siku ya tisa, usiku. Nikadhani atazungumzia Denge na polisi. La, alitaka kuzungumzia Mwajuma, rafiki yake Yasmin, yule mwenye mlango ulio wazi na kicheko kisichoisha. "Binamu," akasema, "huyu Mwajuma mbona hukuniambia? Huyu ndiye mwenye kitabu!" Kumbe mtu wa maiti na washukiwa alikuwa na mlango mwingine ambao hata yeye hakuujua. Nikaliandika hilo kwenye daftari. Kitabu chenyewe ameshampa mkewe, kwa ajili ya Mwajuma, na mkewe kampa dada yake kwa sababu ambayo bado sijaambiwa. Nakala yangu sijaiona tena.